Niko Sawa, Nashukuru Mungu

Ukimuuliza Mkenya aliyeokoka "uko aje?", jibu huwa tayari mdomoni kabla swali halijaisha: niko sawa, nashukuru Mungu. Huenda Fuliza imemeza mshahara wake hata kabla haujatulia kwenye simu. Huenda mwenye nyumba ameshaweka kufuli yake juu ya ile ya mpangaji. Haidhuru, yuko sawa. Nimelisikia jibu hilo kwa jamaa wa boda boda aliyekuwa ametoka kunyang'anywa pikipiki ya mkopo, na kwa mama mboga ambaye kanjo walikuwa wamebeba bidhaa zake asubuhi hiyo hiyo. Alilitoa akiwa ameinama, anaokota nyanya zilizobaki.

Swali langu ni hili, na siulizi kwa kejeli: huyo mtu anasema kweli?

Marafiki zangu walioacha kwenda kanisani, na si wachache, huona jibu ni rahisi. Anadanganya, wanasema. Hayuko sawa, na dini ndiyo iliyomfunza kupaka rangi ukuta ulioingia unyevu. Wale wa makesha ya Ijumaa nao huona jibu ni rahisi vilevile: anakiri kwa imani, na akizidi kukiri, hali yenyewe itamfuata. Nimekaa kwenye viti vya plastiki vya kanisa miaka ya kutosha kujua kwamba kila upande una ushahidi wake. Ila naona pande hizi zinakubaliana bila kujua. Zote zinaamini kwamba amani na kilio haviwezi kukaa ndani ya mtu mmoja kwa wakati mmoja. Kimoja kikiingia, kingine lazima kitoke.

Hapo ndipo nataka tubishane kidogo.

Kama umewahi kwenda mazishi ya Wakristo hapa Kenya, yaelekea umeimba "Ni Salama Rohoni Mwangu". Huimbwa kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, kwa lugha za nyumbani, na kuna wakati huimbwa kwa zote pamoja kwa sababu kila upande wa hema umeanza na yake. Na kama mhubiri wa siku hiyo anapenda hadithi, umesikia pia historia ya wimbo wenyewe.

Inakwenda hivi. Horatio Spafford alikuwa wakili wa Chicago, mzee wa kanisa, mtu mwenye mali. Oktoba 1871 moto mkubwa uliteketeza sehemu kubwa ya jiji hilo, na yeye akapata hasara pamoja na wengi. Miaka miwili baadaye familia ilipanga safari ya Ulaya. Shughuli zikamshika, basi akamtanguliza mkewe, Anna, pamoja na mabinti wao 4 kwenye meli iliyoitwa Ville du Havre. Usiku wa Novemba 22, 1873, meli hiyo iligongana na nyingine katika Bahari ya Atlantiki, ikazama kwa muda wa kama dakika 12. Watu 226 walikufa. Mabinti wote wa Spafford walikuwa kati yao. Mkubwa alikuwa na miaka 11, mdogo miaka 2. Anna aliokotwa majini akiwa amezirai, na alipofika nchi kavu akamtumia mumewe telegramu kumwambia kwamba ameokoka peke yake.

Ameokoka. Sisi hapa neno hilo tunalitumia kila siku, kwenye matatu, kwenye maombi, kwenye wasifu wa Facebook. Sijui kama tumewahi kulisikia likiwa na baridi kiasi hicho.

Mhubiri akifika hapa hushusha sauti. Anasema Spafford alipanda meli iliyofuata kwenda kumchukua mkewe, na walipofika mahali palipotokea ajali nahodha akamwita na kumwonyesha: ni hapa. Akatazama maji. Akarudi chumbani mwake, akachukua kalamu, wimbo ukatoka. Watu husema amina. Kisha huja ile sentensi ambayo imenichosha kuliko mahubiri yote niliyowahi kusikia: kama Spafford aliweza kusema ni salama, wewe ni nani unayelia kwa sababu ya kazi tu? Kwa sababu ya mpenzi tu? Kwa sababu ya mtoto mmoja tu?

Sasa, hadithi ya melini si ya kubuniwa na wahubiri. Bertha, binti ya Spafford aliyezaliwa miaka kadhaa baada ya ajali, aliisimulia hivyo kwenye kitabu alichokichapisha 1950. Lakini kuna shahidi mwingine. Ira Sankey, mwimbaji wa injili aliyekuwa mgeni wa familia hiyo, alisimulia kwamba Spafford aliuandika wimbo Chicago, mwaka 1876, katika wiki ambazo yeye Sankey alikuwa amekaa nyumbani kwake. Philip Bliss ndiye aliyeutungia muziki mwaka huo huo, na tuni yenyewe akaipa jina la meli iliyozama. Kabla mwaka haujaisha, Bliss naye akafa katika ajali ya treni.

Mimi nachagua kauli ya Sankey, na nitakwambia kwa nini. Kama wimbo ulitoka melini, basi amani hufika kama meseji ya M-Pesa: tii, imeingia. Spafford anakuwa shujaa wa aina yake, na sisi wengine tunabaki kumshangilia tukijua hatutaweza. Lakini kama ulitoka 1876, basi kati ya telegramu na wimbo kuna zaidi ya miaka miwili. Kuna asubuhi karibu elfu moja za kuamka kwenye nyumba yenye vitanda ambavyo hakuna mtu wa kuvilalia. Hakuna mhubiri anayetuambia Spafford aliimba nini mwaka 1874. Nashuku hakuimba kitu. Nashuku kulikuwa na Jumapili ambazo alisimama tu, kitabu cha nyimbo mkononi, mdomo umefungwa, huku wengine wakiimba.

Na kuna sehemu ya hadithi ambayo haifiki kwenye hema la mazishi. Baada ya ajali Spafford na Anna walipata watoto wengine. Mwaka 1880, mmoja wao, mvulana mdogo, akaugua homa na kufa. Kanisani kwao kukazuka minong'ono kwamba mtu anayepigwa mara nyingi hivi lazima ana jambo na Mungu, kwamba misiba hii ni adhabu. Familia ikatengana na kanisa hilo, na mwaka 1881 ikahama kabisa kwenda Jerusalem, ambako Spafford alifariki 1888. Yaani mtu aliyetuachia wimbo tunaouimbia wafiwa wote, yeye mwenyewe alipofiwa tena aliangaliwa kwa jicho la pembeni na watu wa benchi moja naye.

Hiyo tabia si ya Chicago. Ni ya zamani sana, na hata watakatifu wameshiriki. Karibu miaka 1,500 kabla ya Spafford, Mwafrika mmoja kutoka Thagaste, mji ulioko katika nchi tunayoiita leo Algeria, alimpoteza mamake wakiwa safarini kurudi nyumbani. Ni Agostino, ambaye baadaye alikuja kuwa askofu wa Hippo, na mama ni Monica. Ilikuwa 387, katika bandari ya Ostia karibu na Roma. Katika kitabu chake cha Maungamo anaeleza siku hiyo bila kujipendelea. Monica alipokata roho, Adeodatus, mwana wa Agostino aliyekuwa kijana bado, aliangua kilio, na watu wazima wote wakamnyamazisha. Waliona haifai kumlilia mtu aliyekwenda kwa Mungu. Agostino naye akajikaza. Akawahutubia wageni kwa utulivu, wakadhani hana uchungu. Akaenda mazishini na kurudi, jicho kavu. Akasikia kwamba kuoga huondoa huzuni, akaenda kuoga, akatoka vilevile alivyoingia.

Kisha anasema jambo ambalo ningetaka libandikwe kwenye lango la kila kanisa la Nairobi. Anasema alikuwa ameudhika kwa sababu aliguswa na msiba ule kiasi hicho, na kwa hiyo alikuwa na huzuni mbili: ya kufiwa, na nyingine juu yake, ya kuona aibu kwamba ana huzuni.

Huzuni juu ya huzuni. Ya kwanza huletwa na maisha. Ya pili, mara nyingi, huletwa na sisi waumini, tukiwa tumebeba soda na mkate.

Nina rafiki aliyepoteza mtoto akiwa na mimba ya miezi 8. Jina lilikuwa tayari. Nguo zilikuwa tayari, alikuwa amezichagua mwenyewe Gikomba moja moja, akazifua, akazikunja. Alitoka hospitali akiwa na bili na beseni. Watu wa ushirika wake walikuja, na siwalaumu, walikuja kwa mapenzi. Lakini walikuja na maneno. Mmoja alimwambia Mungu alihitaji malaika. Mwingine akamwonya asikiri huzuni, kwamba akiendelea kulia anafunga mlango wa baraka inayofuata. Wa tatu akamwambia apande mbegu, maana udongo uliolimwa kwa machozi huzaa haraka. Nilikuwa pale. Nakumbuka alivyokuwa akiitikia kwa kichwa kama mtoto anayesomewa sheria za shule.

Kuanzia siku hiyo alianza kulilia bafuni, bomba likiwa wazi ili majirani wasisikie. Kwenye ploti yao maji huja Jumanne na Ijumaa. Basi hizo ndizo zikawa siku zake za kulia.

Mlango wa pili kutoka kwake anaishi shosho mmoja, mwanakwaya wa sauti ya pili, mtu wa maneno machache. Wiki ya tatu hivi aliingia na chupa ya chai, akaketi, akamimina, akanyamaza. Chai ikapoa. Mwishowe akasema, "Mwanangu, leo ni Alhamisi. Hakuna maji. Lia tu."

Rafiki yangu anasema hajawahi kusikia mahubiri marefu kuliko hayo.

Tukisoma kitabu cha Ayubu huwa tunawacheka wale marafiki zake watatu, lakini tunasahau kwamba walianza vizuri. Walipomwona kwa mbali hawakumtambua, wakalia, wakararua nguo, kisha wakaketi naye chini siku 7, mchana na usiku, bila mtu kusema neno, kwa kuwa waliona uchungu wake ni mkubwa. Hiyo ni matanga, tena matanga safi kabisa ambayo bibi yako angeitambua. Tatizo lilianza siku ya 8 walipofungua mdomo kumweleza Ayubu ni kwa nini. Na mwisho wa kitabu, Mungu anawakasirikia wao waliomtetea, si Ayubu aliyemlalamikia kwa sura nzima nzima. Nimejaribu kulipita hilo nikashindwa. Mtu aliyemwambia Mungu maneno makali ndiye aliyetangazwa kuwa alisema sawa.

Zaburi nazo ziko hivyo. Ziko 150, na kama theluthi yake ni maombolezo. Nyingi huanza gizani na kumalizia kwenye sifa, ndiyo maana tunazipenda, zina umbo la ushuhuda. Lakini ya 88 inaanza gizani na kuishia gizani. Hakuna asubuhi. Aliyeiandika hakuongeza mstari wa mwisho wa kutupoza roho, na waliokusanya zaburi hawakuitoa. Waliiacha kati ya zingine, iimbwe hekaluni.

Linganisha na ibada zetu. Kipindi cha ushuhuda kina kanuni moja isiyoandikwa: huruhusiwi kupanda jukwaani kabla hadithi yako haijaisha vizuri. Nilikuwa nasota, nikapata kazi. Nilikuwa mgonjwa, daktari alishangaa. Sijawahi kumwona mtu akishika maikrofoni na kusema: mimi bado. Nimeomba miaka 3 na bado. Nimekuja tu. Mtu huyo yupo kila Jumapili, safu ya nyuma karibu na mlango, lakini umbo la hadithi yake halina nafasi kwenye ratiba. Halafu tunashangaa vijana wakijifunza kusema "niko sawa" kwa haraka namna ile.

Kwa hiyo ndiyo, wenzangu mlioacha kanisa, nawapa pointi yenu. Kuna "niko sawa" ambayo ni uongo, na kanisa ndilo kiwanda chake. Nyingine si uongo tu, ni hatari. Tulishaona Shakahola mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ikifukuliwa msituni, mahali ambapo watu walikuwa wamefunzwa kwamba kusikiliza njaa ya mwili wako mwenyewe ni kukosa imani. Amani inayomtaka mtu aache kusikia maumivu yake haina kikomo cha kitakachofuata.

Karl Marx, katika makala iliyochapishwa 1844, aliifananisha dini na afyuni, na Kiswahili kilipotafuta neno kilikuwa nalo tayari: kasumba. Kwetu neno hilo lina maana mbili, dawa yenyewe ya kulevya na mawazo uliyotiwa kichwani mpaka hufikirii tena. Inafaa vizuri mno. Lakini wanaomtaja Marx mtaani kwa kawaida hawafiki sentensi iliyotangulia, ambapo anakiri kwamba dini ni kilio pia, pumzi ya mtu aliyekandamizwa. Alidhani kilio hicho kikipata dawa halisi kitaisha. Mimi nataka kuuliza kitu kingine: vipi kama kilio chenyewe ndicho kinachomzuia mtu asilale?

Hatuhitaji kwenda mbali kutafuta jibu. Februari 28, 1992, akina mama kadhaa, wengi wao wazee wa kutoka mashambani, waliingia Uhuru Park pamoja na Wangari Maathai. Wana wao walikuwa magerezani kwa sababu za kisiasa, 52 kwa jumla. Mmoja wa akina mama hao, kwa sadfa inayonifurahisha, aliitwa Monica: Monica Wangu, mamake Koigi wa Wamwere. Walikuwa wameanzia ofisini kwa Mwanasheria Mkuu, wakaambiwa warudi nyumbani wasubiri. Hawakurudi. Walitandika pale kwenye kona ambayo tangu hapo tunaiita Freedom Corner, wakafunga kula, wakaimba, wakaomba. Machi 3 polisi wakawavamia kwa rungu na gesi ya machozi. Maathai alipigwa hadi akazirai. Baadhi ya akina mama walivua nguo mbele ya askari wenye umri wa watoto wao, na kila aliyelelewa Afrika anajua hiyo ni laana ya uzito gani.

Kisha walihamia kanisa kuu la All Saints, hatua chache tu kutoka bustanini, na wakaishi katika chumba cha chini cha kanisa hilo kwa karibu mwaka mzima. Mwaka mzima, chini ya sakafu ambayo juu yake ibada ziliendelea. Watu walishuka ngazi kuwaona, wengine wakiwa na habari zao wenyewe za mateso ambazo hawakuwa wamewahi kumwambia mtu. Mwanzoni mwa 1993 wafungwa wakaachiliwa.

Niambie, hao akina mama walikuwa na amani au hawakuwa nayo? Ukipima kwa kipimo cha utulivu, hawakuwa nayo hata tone. Walilia hadharani, walivua nguo, waliharibu hewa ya jiji zima. Serikali ingekuwa na furaha sana wangepata amani ya ile aina ya kusema ni mapenzi ya Mungu na kupanda basi la kwenda nyumbani. Nchi hii ina mazoea ya kulitumia neno amani kumaanisha kwamba kelele zimeisha. Baada ya damu ya 2007 na 2008 tulihubiriwa amani mpaka ilipofika uchaguzi wa 2013 kuuliza swali tu kulionekana kama kuwasha kiberiti. Ndiyo maana mwanasiasa akisimama madhabahuni siku hizi na kusema tudumishe amani, kijana hushika mfuko wake kwanza.

Lakini ukipima kwa kipimo kingine, kwamba mtu anaweza kukaa mahali pake bila kukimbia, bila kununuliwa, bila kugeuka kuwa kitu kile kinachomwumiza, basi nadhani chumba kile cha chini kilikuwa na amani kuliko Ikulu. Na haikuwa amani badala ya kilio. Ilikuwa sakafu waliyosimamia kulia.

Hapo ndipo naona imani ya Kikristo ina kitu chake, tofauti na ule ustoa ambao vijana wa kiume wanaubandika siku hizi mitandaoni juu ya picha za sanamu za Kirumi. Epiktetus, ambaye alizaliwa mtumwa na simdharau hata kidogo, alishauri kwamba ukimbusu mtoto wako ujikumbushe kwamba ni mwanadamu atakayekufa, ili siku ikifika usivurugike. Ni ushauri wenye akili. Unakufanya usifikiwe. Yesu wa Injili alifikiwa kila wakati. Alilia kaburini kwa Lazaro, ingawa kwa mujibu wa Yohana alikuwa anakwenda kumfufua, yaani hata kujua mwisho mwema wa hadithi hakukumzuia kulia katikati yake. Gethsemane aliomba jambo moja mara 3 na akanyimwa. Hakutoka pale akisema anajisikia vizuri. Alitoka akiwa anaweza kusimama na kuwaendea waliokuja na mienge.

Kama huyo ndiye katikati ya imani yetu, basi anayelia hajaondoka kanisani. Amesogea karibu na madhabahu. Na ile huzuni ya pili, ile ya kuona aibu, inakosa mahali pa kusimama. Inabaki moja tu, ya kwanza. Moja bado ni nzito, sitakudanganya, lakini inabebeka. Ukitaka maana yangu ya amani ya moyoni, ndiyo hiyo, na najua ni ndogo kuliko unayoahidiwa kwenye mabango ya Thika Road.

Agostino aliifikia usiku ule. Anasema alilala, akaamka, akiwa peke yake kitandani akaanza kumlilia mamake mbele ya Mungu, akayaacha machozi yatiririke yalivyotaka, na moyo ukapata pa kulala juu yake. Halafu anamgeukia msomaji: kama unaona ni dhambi kwamba nilimlilia mama yangu sehemu ndogo ya saa, usinicheke.

Rafiki yangu asiyeamini ameshanijibu kuhusu haya yote, tukiwa tunangojea matatu. Alisema huyo mama aliyefiwa na mtoto hakuponywa na Mungu, aliponywa na shosho. Ni jibu zuri. Nililipeleka kwa shosho mwenyewe nione atasemaje. Alicheka kwanza. Kisha akaniuliza nadhani yeye alijifunzia wapi kuketi. Alizika watoto 2, akasema, na kuna mtu alikuja akaketi, na huyo mtu naye alikuwa ameketiwa, na ukirudi nyuma hivyo hivyo utafika kwa nani? Sikuwa na jibu la haraka. Pia aliongeza, na naliandika kwa sababu linafaa kusikika kutoka kwa mtu wa umri wake, kwamba yule binti aendelee kwenda kliniki kuongea na mshauri kila alipoambiwa, na kama kuna tembe, ameze. Maombi hayaoni wivu, alisema.

Basi, yule wa "niko sawa, nashukuru Mungu" anasema kweli au hasemi? Siku hizi sisikilizi maneno, nasikiliza kama kuna nafasi baada yake. Kuna mtu ukimwambia "na nyumbani je?" mlango unafungwa, jibu lilikuwa kufuli. Na kuna mtu ukimuuliza hivyo anapumua, anakwambia mama bado yuko wadi, bili imefika mahali pabaya, jana nililia kwenye ngazi za hospitali mpaka askari akanipa kiti. Na bado hafuti lile neno la kwanza. Hasemi "lakini". Anasema vyote viwili kama vitu vya nyumba moja.

Rafiki yangu wa Jumanne na Ijumaa alirudi kanisani baada ya miezi kama 5. Jumapili ya kwanza wakaanza "Ni Salama Rohoni Mwangu", na yeye akasimama kimya mwanzo hadi mwisho. Nilidhani ameumia, nikamuuliza nje kama alitaka tuondoke. Akasema hapana, alikuwa anausikiliza. Shosho yuko pale na sauti yake ya pili, akasema, wacha wanishikie mpaka nifike.

Wiki jana nilimuuliza kama ameanza kuuimba.

"Ubeti wa pili," akasema. "Wa kwanza bado."